Daftari la Nilidhani

Mtu asiyekula kwako ana jambo lake. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe nilijifunza nikiwa nimeshazaa, kwenye darasa la watu wazima, kwa herufi kubwa kubwa kama mayai ya bata. Yule mwalimu wa kompyuta alikuja nyumbani kwangu Kihonda mara nyingi hata sikumbuki. Nilimpikia ndizi, nikampikia kisamvu cha nazi, siku moja nikamchinjia jogoo. Hakuonja hata chumvi. "Nimeshiba, Mama." Kila siku ameshiba. Mwembamba kama ufito, mashavu yameingia ndani, ati ameshiba!

Na mtu wa namna hiyo ndiye niliyemkabidhi mjukuu wangu.

Ngoja niseme ilikuwaje. Zilikuwa zile enzi za ruksa. Mitumba ruksa, redio za kila namna ruksa, na viwanda kufungwa nako ruksa. Mwanangu Anselmi alikuwa kiwandani, fundi wa mitambo, miaka kumi na mitatu. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, ikasemwa watu wapunguzwe, na wataanza kutoka walioingia mwisho. Orodha ikabandikwa getini. Jina la mwanangu lilikuwa la nne kutoka juu. Vijana aliowafundisha yeye kushika spana, wao walibaki. Alipanda kwangu Matombo, huku mlimani, akakalia kinu kilicholala, akaniambia, "Mama, wameniandika miaka miwili. Mimi ni wa juzi." Alikwenda kuuliza dirishani, akajibiwa kompyuta ndiyo imesema. Nani abishane na kompyuta? Akaenda Dakawa kuwa kibarua kwenye majaruba ya mpunga. Tangu hapo akawa mtu wa kutazama chini, kama vile kweli alifanya kosa ila hakumbuki kosa gani. Binti yake akaniachia amalize shule, nami nikashuka kutoka Matombo na magunia yangu ya mdalasini na pilipili manga, nikakaa Kihonda, mjini, kumlinda.

Huyo mtoto ana kichwa. Sisemi kwa sababu ni wangu, ingawa ni wangu. Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka kujifunza kompyuta, tena si kuchapa barua kama wenzake. Anataka kujifunza kuiandikia kompyuta maagizo yake, hayo wanayoita programu. Nikamwambia, "Kompyuta si ndiyo iliyomla baba yako?"

"Ndiyo maana, Bibi. Nataka niyaone meno yake."

Nikampeleka. Mwalimu alikuwa na chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mahindi, vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Kibao nje hakuna. Ndani kompyuta mbili, zimefunikwa kanga kama wali wa harusi. Yeye alisimama akaniamkia vizuri, shikamoo Mama, marahaba. Mtu wa kuja, wa kule ziwani, Kiswahili chake kinapanda na kushuka. Akaandika jina la mtoto. Halafu akauliza, "Na nyumbani mnamwitaje? Na upande wa mjomba wana jina lingine?"

Nikamwangalia. "Majina ya ndani ya mtu yanatafutwa na mganga au mchawi. Wewe ni yupi?"

"Mimi mwalimu tu, Mama. Nauliza wote."

"Basi andika na hili: baba yake ni Anselmi, alikuwa fundi kiwandani mpaka mlipomtoa." Nilisema "mlipomtoa" kwa hasira tu, kwa kuwa alivaa shati la ofisini. Lakini kalamu ilimdondoka. Akainama kuiokota, akakaa kule chini muda wa kusema Salamu Maria nzima. Niliona. Mimi macho yangu si ya kupambia uso.

Alipoinuka akasema mtoto alete daftari.

"La kuandikia mambo ya kompyuta?"

"La kuandikia mambo yake mwenyewe."

Hilo daftari ndilo lililoninyima raha. Kwenye jalada aliwaandikisha wanafunzi wake wote neno moja: Nilidhani. Kila mwanafunzi anapokosea, kompyuta inapogoma au inapotoa upuuzi, haruhusiwi kugusa kitu mpaka aandike alikuwa anadhani nini. Siyo kilichoharibika kwenye mashine. Kilichokuwa kichwani mwake. "Nilidhani namba zitaanza na moja." "Nilidhani nimesoma swali, kumbe nililikisia." "Nilidhani nikiuliza mwenzangu atanicheka." Nilimwambia mjukuu wangu anisomee ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikaona hili ni kanisa au ni nini? Padri anasikia dhambi zako halafu anazisahau. Huyu anaziweka kwa wino! Mtu anayekusanya udhaifu wa watoto wa wenzake kwenye madaftari, siku moja atautumia. Hivyo ndivyo nilivyoona, na nikamwambia.

"Madaftari ni yao, Mama, wanakwenda nayo nyumbani."

"Na lako liko wapi?"

Akatazama chini ya meza. Lake lilikuwepo. Lilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya meza, na sanduku lina kufuli. Anawafundisha wenzake kujifunua, lake kalifungia kama dhahabu.

Umeme ulikuwa unakatika, tena sana. Ukikatika, mwalimu mwingine angefunga mlango. Huyu aliwatoa nje akawafundisha bila mashine. Siku moja akaja nao kwangu, wote saba, akaniomba niwe mwandishi wa programu. Mjukuu wangu ndiye awe kompyuta. Nikasema ni mchezo, haya. Mbele yetu kulikuwa na mkungu mzima wa ndizi niliotaka kuupeleka sokoni.

"Mwagize, Mama. Atafanya ulichosema tu."

Nikasema, "Menya ndizi."

Akaanza kumenya. Akamenya ya kwanza, ya pili, chane nzima, ya pili yake. Namwambia we mtoto basi, hasikii, kwa kuwa mwalimu alisema kompyuta haisikii kelele. Ndizi zangu za sokoni! Nilimpiga kofi la mgongoni ndipo akaacha, na wenzake wanajishika mbavu.

"Mama," mwalimu akasema polepole, "hapo aliyekosea nani?"

"Yeye, mpumbavu!"

"Alifanya ulichomwambia."

"Kila mtu anajua ukisema menya ndizi ni za kutosha watu waliopo!"

"Kila mtu wa hapa kwako, Mama. Mashine si mtu wa hapa kwako. Haikosei, inatii. Aliyekosea ni yule aliyekuwa anajua kitu na hakujua kwamba anakijua."

Nikamwambia asije kunifundisha kusema kwenye uwanja wangu. Lakini neno lile lilinikaa kama mwiba wa dagaa. Ndizi nilizipika zote, tukala mpaka majirani. Yeye akashiba kwa kutazama.

Mjukuu wangu alikuwa mwepesi, na mwepesi huwa na mdomo. Wenzake wakiwa bado wanatafuta herufi, yeye ameshamaliza na anawacheka. Siku moja mwalimu akamwambia afunge daftari, aende soko kuu akakae siku tatu na mama anayeuza dagaa, aje na maelezo ya jinsi mama huyo anavyozichambua. Kusaidia hapana, kusema hapana, kuuliza na kusikiliza tu. Jamani! Nimempeleka mtoto akajifunze kompyuta, napita sokoni na pilipili zangu namkuta kwenye dagaa, nzi wanamtembelea! Nilikwenda kule chumbani nikiwa nimejifunga kanga kiunoni.

"Unamfanya mjukuu wangu mchuuzi?"

"Namfanya msikilizaji, Mama. Kuandika ameshajua. Mwenye kujua kuandika bila kusikiliza ni hatari." Alisema hivyo akiangalia sakafu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayefundisha. Ilikuwa ya mtu anayeumwa. Nayo nikaiweka kwenye hesabu ya tuhuma zangu.

Siku ya tatu mtoto alirudi ananuka ziwa zima, akaandika kwenye daftari lake, akanisomea mwenyewe: "Nilidhani anachambua kwa ukubwa. Anachambua kwa harufu. Siku mbili nilimtazama mikono, siku ya tatu ndipo nikamuuliza." Akacheka, kisha hakucheka. Baada ya hapo nilimwona anawasubiri wenzake. Hata nyumbani alibadilika. Zamani akiunguza maharage anayafukia nyuma ya choo na sufuria analisingizia kuvuja. Sasa anakuja mbele yangu, "Bibi, nilidhani maji yatatosha." Ni vizuri, lakini maharage yameungua vilevile.

Msidhani mwalimu alikuwa mpole wakati wote. Nilikuwepo siku aliyopiga meza. Walikuwa wanaandika orodha ya majina, na mwanafunzi mmoja, mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa, aliona jina la mwenzake ni refu, halienei, akalikata mwisho. Jambo dogo, ungefikiri. Mwalimu alisimama. "Nani amekuruhusu kukata jina la mtu?" Akapiga meza mpaka kanga ikaanguka. Watoto wakawa kama vifaranga wameona mwewe. Halafu akakaa, akafungua lile sanduku, akatoa daftari lake kuukuu, akaandika mbele yao, akasema, "Nimeandika: Nilidhani hasira yangu inamhusu huyu. Haimhusu. Samahani, kijana." Akafunga kufuli tena.

Haimhusu huyu, inamhusu nani? Hapo nikaanza kuchunguza kweli.

Mwenye mashine ya kukoboa akaniambia mpangaji wake alitokea kiwandani kulekule alikotoka mwanangu, ofisi ya juu, ya vioo. Tena hakupunguzwa. Aliacha mwenyewe, mwezi mmoja baada ya ile orodha kubandikwa. Niambieni, miaka ile watu wanalia getini warudishwe, nani anaacha kazi ya kwenye vioo kwa hiari yake? Nikajua: mwizi. Ameiba kompyuta mbili akazifunika kanga. Tena ukimuuliza kazi yake ya zamani, yeye anayewafundisha watoto kuuliza, anakwambia, "Ni habari ndefu, Mama." Na nilishamwona kwenye mazishi ya wale waliopunguzwa. Akifa mmoja, yeye yuko, nyuma kabisa, karibu na njia, hatoi pole kwa wafiwa, hakai kwenye mkeka, anaondoka kabla ya chakula. Mchawi hufanya hivyohivyo.

Nikamwambia mjukuu wangu kesho haendi.

"Kwa nini, Bibi?"

"Yule mtu si mzuri."

"Unajua au unadhani?"

Nilitaka kumpiga. Nikajikuta nimeshika mwiko hewani. Sikujua. Nilikuwa na kalamu iliyodondoka, sanduku lenye kufuli na mtu asiyekula. Mtoto akaenda, nami nikakaa na tuhuma zangu miaka miwili, nikizipalilia kama mihogo.

Mtoto akamaliza masomo. Akapata kazi ofisi ya ushirika, kuwaandikia orodha ya wakulima na mashamba yao. Nikarudi Matombo kwenye migomba yangu, nikijisifu njia nzima kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Ikapita mvua moja, ikapita ya pili.

Ni kwenye masika hayo ya pili ndipo alipokuja mwalimu. Gari lilikwama huko chini, akapanda kwa miguu, suruali matope mpaka magotini, mkononi mfuko wa nailoni. Mwembamba zaidi. Shikamoo Mama. Marahaba. Nikampa kigoda. Jungu lilikuwa jikoni, ndizi na nyama kidogo, nikampakulia makusudi nikaweka mbele yake, nione.

Hakusema ameshiba. Akasema, "Mama, usinipe kwanza. Soma hiki."

Akatoa lile daftari kuukuu kwenye nailoni, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. Nilisoma kwa kidole, herufi moja moja. Nilidhani mtu ana jina moja.

"Ndiyo nini?"

Akaeleza. Ni yeye aliyeiandikia kompyuta ya kiwanda maagizo ya kutoa ile orodha. Kwao mtu ana jina la baba yake, basi, tangu kuzaliwa hadi kaburini. Kulikuwa na karani ofisini, dada wa Mgeta, aliyemwambia, kaka, waulize watu hawa, Waluguru wengi wameingizwa kazini na wajomba zao. Akamjibu, "Mashine haina mjomba." Ofisi nzima ikacheka.

Mimi sikuhitaji aendelee. Mjomba wake Anselmi, kaka yangu mimi, ndiye aliyempeleka kiwandani na kumwekea dole gumba la udhamini. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Akaandikwa Anselmi Mloka. Miaka kumi na moja baadaye akafunga ndoa kanisani, na padri akataka jina la baba kwenye cheti, na kiwandani wakamtengenezea kitambulisho kipya kufuata cheti: Anselmi Fikiri. Mtu mmoja, spana ileile. Kompyuta ikaona watu wawili. Mloka wa miaka kumi na moja haonekani tena kazini, ikamwacha. Fikiri wa miaka miwili ikamtoa.

"Hakuwa peke yake," akasema. "Alikuja dirishani, akasema yeye ni wa miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo. Jioni ile nikatafuta nikaliona kosa."

"Ukafanyaje?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Akalifunga daftari. Mvua ilikuwa inatambaa juu ya makuti. "Nilikuwa nimesifiwa, Mama. Mkuu alinisifu mbele ya watu. Kosa kwenye mashine ningelirekebisha kabla chai haijapoa. Lililonishinda ni kufungua mdomo."

Kumbe nilimshuku yote isipokuwa lililokuwepo. Uchawi, wizi, mpaka kula watoto. Na lililokuwepo lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye mstari mmoja wa daftari, na lilikuwa limemlaza mwanangu kwenye matope ya Dakawa miaka yote ile, akijiuliza amekosa nini.

"Mjukuu wangu anajua?"

"Nimemwambia jana. Amesema hatasema na mimi mpaka nimefika kwako."

"Ndiyo maana ulikuwa huli."

"Ningekulaje?"

Niliinuka. Nikaiondoa ile sahani mbele yake nikairudisha jikoni. Akafikiri namfukuza, akaanza kuinuka.

"Kaa unisikilize," nikamwambia. "Kutaka samahani kwangu ni kuzunguka mlima. Mimi sikupunguzwa kazi. Mwenye majina yuko Dakawa, kwenye mpunga. Nenda ukamwite kwa majina yake yote mawili, umwambie hakukosa kitu. Ukirudi, chakula kipo."

"Nikirudi utanipa?"

"Kwanza urudi. Mimi sikuamini."

Akashuka ileile saa, mvuani. Na kweli sikumwamini. Nilimtuma jirani mmoja anayeteremsha ndizi amwangalie mjini amepanda gari la wapi. Jibu likaja: la Dakawa. Hata hapo nikasema, kupanda ni kupanda, kushuka ni kwingine.

Wiki tatu zikapita. Mwanangu akaja na nusu gunia la mchele begani, akaliweka, akakalia kinu, kinu kilekile cha siku ya orodha. Akasema, "Mama, kuna mtu alikuja shambani. Akasimama kwenye kingo akaniita Anselmi Mloka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitika. Nilishtuka, jina hilo sijaitwa tangu mjomba afariki. Halafu akaniita Anselmi Fikiri."

"Ukaitika?"

"Hapana. Anayeyajua yote mawili ametoka kiwandani tu, nikajua amekuja kwa lile la orodha. Nikamwambia akae pale kwenye kingo, anisubiri nimalize jaruba." Akakuna goti. "Lilikuwa jaruba kubwa, Mama. Alikaa juani mpaka nikamaliza."

"Halafu?"

"Halafu akasema. Nikamsikiliza." Na alipokuwa ananiambia hayo alikuwa ananitazama usoni, mwanangu, usoni kabisa, jambo ambalo sikuliona tangu siku ya lile geti.

Mwalimu alirudi Matombo masika yakiisha. Safari hii sikumpa kigoda, nilimpa mkeka. Nikapakua ndizi, nikaweka na maji ya kunawa. Akanawa. Akakata tonge la kwanza, akalishika hewani kama anayesubiri ruhusa. Sikumwambia karibu. Nilikaa mbele yake, mikono magotini, nikamtazama mpaka tonge la mwisho.